Kizingiti Kilichosoma Njuga

1

Kalunde alikanyaga Kizingiti saa saba mchana, siku ya Alhamisi, nacho kikamwambia arudi.

"Hamsini na moja," kilisema. "Rudi."

Kizingiti kina sauti ya mwanamke aliyelala akatosheka, na hilo hunikera kila siku, maana mimi tangu nivunjike uti wa mgongo sijalala nikatosheka. Nilikuwa nimekaa pembeni ya mlango wa jukwaa na kikombe changu cha uji, nikiwapitisha wachezaji mmoja mmoja kwenda mazoezini. Kazi yenyewe haidai akili nyingi. Mchezaji anakanyaga bamba la chuma, bamba linasoma mifupa yake na kutaja namba, mimi naweka kidole gumba kwenye kioo cha mlango kuthibitisha, mlango unafunguka. Chini ya sitini hupiti. Ndiyo sheria ya Ligi ya Ngoma tangu binti mmoja avunjike nyonga mbele ya watazamaji milioni mia mbili, kamera zikaendelea kuzunguka juu yake kama mwewe, zikidhani ni sehemu ya mchezo.

"Kanyaga tena," nikamwambia.

Akakanyaga. Hamsini na moja, rudi.

"Labda nacho kimechoka kama wewe, mama," akasema, akacheka.

Ana miaka ishirini na tatu, na ndiye Mshindo wetu. Kwenye ngoma ya njuga kuna mtu mmoja anayeruka kutoka mabegani mwa wenzake, juu kabisa, akatua kwa mguu mmoja. Njuga zake zote zinalia sauti moja, na ngoma zinakatika hapo hapo. Huyo ndiye Mshindo. Watu wa Tabora hawaji kutazama kitu kingine. Wale wengine kumi na wanane, Mungu anisamehe, ni wa kumnyanyua tu.

"Juma lililopita ulisoma ngapi?"

"Sitini na sita."

"Mfupa hauporomoki pointi kumi na tano kwa siku saba, Kalunde. Labda uwe umeliwa na fisi."

Nilisema kwa mzaha, lakini mzaha ulinikauka mdomoni. Mifupa ya wachezaji naijua. Mchezaji anakula kidogo ili awe mwepesi mabegani mwa wenzake. Mwili ukiona chakula hakitoshi unafunga vitu unavyoona si vya lazima, na cha kwanza kufungwa ni siku za mwezi. Zikifungwa hizo, mfupa unakosa mlinzi, unaanza kumegwa kwa ndani kidogo kidogo, na kwa nje mguu unabaki mzuri ule ule wa kupigwa picha. Ongeza kushinda ndani ya ukumbi bila jua, asubuhi mpaka jioni. Lakini hayo yote ni kazi ya miaka. Hayawezi kuwa ya juma moja.

Nikamtazama kuanzia kichwani kushuka chini, na nilipofika miguuni nikaona kilichopungua. Hakuwa na njuga. Jumatatu alifiwa na shangazi yake, na kwenye kundi letu mfiwa hufanya mazoezi miguu mitupu mpaka aondoe msiba.

"Nenda kapumzike," nikamwambia. "Nitakiangalia hiki kidudu."

Aliondoka. Nikawapitisha waliobaki, wote na njuga zao, wote sitini kwenda juu. Wanapokanyaga wana tabia ya kukiamkia, "Shikamoo, Kizingiti," kwa sababu ndicho mkubwa pekee wasiyemweza. Walipokwisha kuingia wote nilivua kandambili zangu nikakanyaga mwenyewe.

"Arobaini na tatu. Rudi."

Hiyo ndiyo namba yangu, naijua kama jina langu. Nikaenda stoo, nikachukua njuga za akiba, nikakaa chini na kuzifunga. Kuinama kulinichukua muda. Ilikuwa miaka thelathini na tatu tangu nizifunge mara ya mwisho, na vidole vilikuwa havijasahau hata fundo moja, vikaniliza kidogo. Nikarudi nikakanyaga.

"Hamsini na nane. Rudi."

Nilisimama pale juu ya chuma, bibi mwenye njuga, kijana kwa pointi kumi na tano.

Kizingiti hufanya kazi hivi: kinatuma mtetemo mdogo kwenye kisigino, unapanda mpaka nyonga, kisha kinasikiliza unavyorudi. Mfupa uliojaa unaurudisha upesi na kwa sauti kali. Mfupa uliobaki kama sega lililokamuliwa asali unauchelewesha, na sauti inafifia. Sasa wafunge watu vikombe ishirini vya chuma kila mguu, vyote vinaimba mtetemo ukipita. Kizingiti kilikuwa kinasikia chuma na kukiita mfupa.

Maelekezo yanataka mtu avue saa, mikufu, hereni, na mkanda wenye chuma. Mwaka kilipoletwa niliyasoma mstari kwa mstari, nikawavua watu mpaka vibanio vya nywele. Njuga sikuziona. Kwetu hazihesabiwi kuwa kitu ulichovaa. Kiongozi wa kundi anamfunga kila mchezaji kwa mkono wake saa sita mchana, kwa maji na unga wa mtama, na zikishafungwa hazifunguliwi mpaka ngoma zilazwe. Hata chooni unakwenda nazo. Aliyeandika maelekezo hajawahi kuona njuga, na mimi nilikuwa nimeziona mno. Kwa miaka minne nimewapitisha watu mlangoni kwa namba za uongo, na kidole ni changu.

2

Mwalimu Mgalula nilimkuta jikoni, anapasha ngozi ya ngoma juu ya makaa. Ndiye kiongozi wa kundi. Zamani, mimi nilipokuwa Mshindo, yeye ndiye aliyekata ngoma nilipotua. Nikamweleza yote bila kupumzika. Alinisikiliza huku akigeuza ngoma, akiigonga kwa ukucha.

"Nani mwingine anajua?" akauliza.

"Wewe na mimi."

"Basi Kalunde anaondoa msiba Jumamosi asubuhi. Saa sita namfunga njuga. Saa tisa fainali. Kizingiti kitasema sitini na sita."

"Mgalula."

"Dada Nyanzala, nisikilize. Ukipunguza kumi na tano kwa kila mtu, wangapi wanabaki?"

Nilikuwa nimeshapunguza. "Wanane."

"Wanane kati ya kumi na tisa. Hapo kuna kundi tena? Na nani amevunjika miaka minne hii? Mtaje mmoja."

Sikuwa naye wa kumtaja, na alijua.

"Nikuulize," akasema, sasa kwa upole, na upole wake ndio niliouogopa. "Mwaka ule ulijua mgongo unakuuma?"

"Nilijua."

"Ungeambiwa usicheze, ungekubali?"

"Ningemtukana aliyeniambia."

"Basi."

"Basi nini? Nina miaka hamsini na nane, nimepungua sentimita saba. Nikipiga chafya nashika ukuta. Mjukuu wangu akinikimbilia kunikumbatia namkinga kwa mkono kama mbwa, mtoto wa watu analia. Ungeniambia mambo hayo mwaka ule, pengine ningekutukana kisha ningekusikia."

Aliiweka ngoma chini. Mgalula si mtu mbaya. Ni mtu aliyezeeka katika kazi moja, kama mimi, na hana nyingine ya kukimbilia.

"Fanya unavyoona," akasema. "Mimi nimechoka kuona."

3

Ijumaa nilikwenda kwa Kalunde na sufuria ya ugali, kisamvu cha karanga na dagaa wa Kigoma, nikijidanganya kwamba mtu akishiba anasikia vizuri. Alikula matonge matatu, akanawa. Nilimwambia ukweli wa Kizingiti. Hakushtuka hata kidogo.

"Najua mifupa yangu, mama," akasema. "Huu mwezi wa kumi na nne sijaona siku zangu. Mwezi wa nne nilipata ufa kwenye muundi wa mguu, nikafunga kitambaa, nikasema ni misuli. Nilikuwa nakanyaga Kizingiti kinaniambia pita, nikawa nasema labda mimi ndiye mwoga."

Hayo maneno yaliniingia vibaya. Mtoto alikuwa anasikia mwili wake ukimwambia kweli, na mimi kila siku nikimkanusha kwa kidole gumba.

"Ukiacha sasa," nikamwambia, "miaka miwili, mitatu. Unakula, unaota jua, unabeba vitu vizito polepole, unapata dawa. Kwa umri wako mfupa unajazia. Si wote, lakini unajazia. Wangu haukujazia kwa sababu nilisimama nimechelewa."

"Baada ya miaka mitatu nitakuwa na ishirini na sita. Mshindo wa miaka ishirini na sita umemwona wapi?"

"Nimeona wa hamsini na nane anayetembea kwa kushika kuta."

Alitabasamu, kwa heshima tu. "Mama, usikasirike. Wewe ulitua mara ngapi? Maisha yako yote."

"Sijui. Elfu mbili."

"Na ungepewa uchague, hizo elfu mbili zifutwe, upewe mgongo mzima?"

Ningeweza kumdanganya. Nilikuwa nimechoka hata kwa hilo.

"Unaona?" akasema. "Mfupa ni wangu."

"Ni wako. Lakini kidole ni changu, Kalunde. Naandika barua."

Alinisindikiza mpaka barabarani kama mtoto aliyelelewa, akaniaga vizuri. Tangu siku ile hajaniita mama ya kutoka moyoni.

Barua niliandika fupi. Nilisema kosa ni langu, nikaeleza njuga, nikaambatanisha namba zangu mbili, arobaini na tatu na hamsini na nane. Kisha nilikaa nikisubiri kufukuzwa. Nilikutamani kule kufukuzwa, nakiri. Ningelala siku mbili mfululizo.

Ligi ilijibu kabla uji wangu haujapoa. Walinishukuru kwa uaminifu wangu. Waliagiza njuga zivuliwe kwenye Vizingiti vyote vya nchi kuanzia kesho, na wachezaji wafungwe wakishaingia. Na kwa kuwa makundi yote ya njuga yangeathirika kwa kiwango hicho hicho, na fainali imeshatangazwa dunia nzima, kikomo kinashushwa kwa pointi kumi na tano ili pasiwe na atakayeonewa. Kuanzia sasa, arobaini na tano. Kwa mchezaji aliye chini ya sitini, msomaji, yaani mwenye kidole mlangoni, ndiye mwenye uamuzi wa mwisho, ataje sababu ya kumpitisha kwa sauti yake, na sababu hiyo itahifadhiwa.

Niliisoma mara tatu. Nilikuwa nimepeleka ukweli, wakaukata ukawatosha. Na mzigo uliobaki wameniachia mimi, kwa adabu zote.

4

Jumamosi ukumbi ulijaa tangu saa nane. Wachezaji walinipitia miguu mitupu, na nyuso zao zilikuwa kama za watu waliovuliwa nguo. Mwalimu Mgalula alikuwa ng'ambo ya mlango na bakuli lake la unga, akiwafunga upya mmoja baada ya mwingine. Kwa kila aliyekuwa chini ya sitini Kizingiti kiliniuliza, "Sababu?" nami nikajibu, "Haruki." Ilikuwa kweli, hawaruki. Wananyanyua, wanazunguka, wanatembea. Nilijua ni ukweli wa kujifichia, lakini nilikuwa nao huo tu.

Kalunde alikuja wa mwisho. Ameondoa msiba, amenyoa, amepaka mafuta.

"Hamsini na moja," kilisema Kizingiti. "Pita. Sababu?"

Kidole changu nilikiweka mapajani, nikakifunika na mkono wa pili.

"Sababu?"

"Mama," akasema Kalunde. "Kimesema pita."

"Nimesikia."

"Sheria inaniruhusu."

"Sheria haitakubeba kwenda chooni. Siweki kidole. Nenda nyumbani, mwanangu. Unichukie ukiwa mzima."

Alitazama mlango. Ni wa chuma mnene, na hata waliomo ndani hawawezi kuufungua bila kidole changu. Ngoma zilikuwa zimeanza. Nilizijua, ni zile za kuingilia, na baada yake ni dakika kumi na mbili mpaka ngoma za Mshindo. Nilidhani atalia. Nilikuwa nimejiandaa kwa kilio, na kwa matusi nilikuwa nimejiandaa zaidi.

Hakufanya lolote kati ya hayo. Alikaza kanga kiunoni akaanza kucheza pale pale, juu ya Kizingiti.

Alicheza ngoma yote ya kuingilia, peke yake, ndani ya korido, mbele ya bibi mmoja na benchi la kundi la Shinyanga waliokuwa wanasubiri zamu. Kila alipogusa chini Kizingiti kilimsoma. Hamsini na moja, pita. Hamsini na moja, pita. Sauti ile tulivu, na mlango umefungwa. Nikamwambia acha. Nikanyanyuka nimshike, mgongo ukanikumbusha mimi ni nani, nikarudi chini.

Ngoma zilipobadilika aliburuta kasha moja la ngoma mpaka ukingoni mwa bamba, akapanda juu yake, akaruka. Alitua kwa mguu mmoja. Nilisikia kisigino kikigonga chuma, mlio mkavu, usio na njuga za kuufunika. Mlio ule naujua; ninao ndani ya mifupa yangu. Uso wake ulikunjamana mara moja, ukakunjuka.

"Hamsini na moja. Pita. Sababu?"

"Kalunde, utajivunja hapa hapa!"

"Nitatua leo, mama. Huko au hapa."

Akapandisha kasha la pili juu ya la kwanza. Akapanda, anatetemeka kidogo, mikono ameipanua, macho hayapo kwangu wala mlangoni. Nami pale nilikuwa mtu mzima mwenye haki yangu yote mkononi, nimezuia jukwaa nikidhani nimezuia kutua. Jukwaa lile ni mbao za mninga juu ya mihimili ya mpira. Alilijenga Mgalula mwenyewe baada ya mgongo wangu, kwa miezi saba, hakuniambia ni kwa ajili ya nani na sikumuuliza. Linabonyea. Ukitua linakupokea kidogo kabla ya kukukatalia. Chuma hakipokei mtu.

"Shuka," nikasema. "Shuka polepole."

Nilinyoosha mkono nikaweka kidole kwenye kioo.

"Sababu?"

"Mbao ni laini kuliko chuma," nikasema, na sauti yangu ikahifadhiwa.

Mlango ukafunguka, kelele za watu zikamwagika kwenye korido. Kalunde alipita mbele yangu bila kuniangalia. Nilimwona Mgalula akipiga magoti, mikono yake mikubwa ikimfunga njuga haraka haraka, unga ukimwagika, kisha mlango ukajifunga.

Sikuona chochote. Nilikaa na uso ukutani nikasikiliza. Ngoma zilipanda, zikapanda, zikakatika. Njuga zililia mara moja, zote pamoja. Watu walikuwa bado hawajapiga kelele, na katika kile kimya nilisubiri kitu kimoja tu duniani, mguu wa pili uguse chini, nijue wa kwanza umembeba. Ulichelewa. Ukagusa. Ukumbi ukalipuka kwa vigelegele, nami nikagundua nilikuwa nimeng'ata kanga yangu.

Nilipogeuka, Mshindo wa Shinyanga alikuwa ameshasimama mbele ya bamba, njuga zake mkononi. Alikuwa mwembamba kuliko Kalunde. Alikuwa ameona yote na kusikia yote.

"Shikamoo, mama," akasema. "Mimi nasoma arobaini na sita. Nami niyapange makasha, au utasema tu ni mbao?"